Mziki Ndani ya Kirikuu

Ukitaka kumjua fundi wa mziki wa magari, usimpelekee gari kubwa. Gari kubwa humsitiri: lina buti, lina uvungu wa kutosha chini ya viti, lina zulia nene la kufunika nyaya zilizopitishwa ovyo. Mpelekee kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani.

Vigari hivi vilizaliwa chini ya sheria ya Japani inayobana kila kipimo. Tangu Oktoba 1998 urefu hautakiwi kuzidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini sentimita za ujazo 660, na mzigo kilo 350, uzito ambao huku kwetu hupitwa mara nyingi msimu wa mavuno. Waliovibuni waliipa bodi sehemu kubwa ya urefu huo, maana gari ni la kazi, na watu wawili wakaachiwa kijichumba ambamo dereva anaweza kumfungulia abiria mlango bila kuondoka kwenye kiti chake. Mgongo wa kiti unakaribia kugusa bati la nyuma. Magoti yanakaribia kugusa deshibodi. Humo ndimo mwenye gari anapotaka iingie amplifaya ya chaneli nne, spika za milangoni na sabufa, na bado yeye na utingo wake wakae safari nzima bila kukunjana.

Mimi huwa nasimama nikatazama. Watu wengi hudhani ufundi wa kazi hii uko kwenye kuunganisha nyaya, na kweli nyaya zina mambo yake, nitayafikia. Lakini kadiri ninavyoitazama kazi hii hapa Ifakara ndivyo ninavyoamini kwamba ufundi wenyewe unaanza na kwa kiasi kikubwa unaishia kwenye kuchagua mahali. Amplifaya ikishapata mahali pake, mengine yote yanafuata. Ikikosa, hakuna waya wa bei utakaoiokoa.

Fundi mzuri haanzi kwa kufungua boksi. Anaanza kwa maswali, na ukiyasikia utaona ni maswali ya mtu anayelijua bonde hili la Kilombero. "Kaka, gari inabeba nini?" Jibu la mpunga na jibu la samaki hayampeleki mahali pamoja. Gari la mpunga lina vumbi la pumba linaloingia kila ufa, na lina panya, kwa sababu punje zikianguka nyuma ya kiti panya hawakosi, na panya aliyekosa punje hutafuna mpira wa waya. Gari la samaki wa Mto Kilombero lina maji ya barafu na chumvichumvi ya kuozesha chuma. Gari la matangazo, lile linalopita mtaa kwa mtaa likiwa na spika za honi juu ya paa, linataka amplifaya yenye tundu la maikrofoni, nayo ikae mahali ambapo mtangazaji ataifikia kwa mkono akiwa anaongea. Swali la pili ni njia: gari linazunguka mjini kati ya soko na stesheni ya TAZARA, au linakwenda Mlimba, au linavuka mto kwenda Lupiro na kupanda Mahenge? Zamani magari ya upande huo yalisubiri kivuko. Tangu lilipozinduliwa mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, kirikuu inaweza kwenda ng'ambo na kurudi siku hiyo hiyo, na barabara za vumbi zenye mawimbi ya bati zinaitikisa kila nati iliyomo ndani yake.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: injini iko wapi? Kwa asiyejua, kirikuu ni kirikuu. Kwa fundi, Suzuki Carry na Daihatsu Hijet zina injini chini ya viti, Honda Acty ina injini chini ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na Subaru Sambar za zamani, zile ambazo Subaru aliziunda mwenyewe hadi mwaka 2012, zina injini nyuma kabisa, kupita ekseli. Kwa nje zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Kwa ndani, mahali panapofaa amplifaya kwenye moja ni jiko kwenye nyingine.

Tuchukue Carry, maana ndiyo iliyojaa. Uvungu wa kiti unaonekana kama pango lililotengenezwa makusudi. Mafundi wenye haraka hutumbukiza amplifaya humo, wakaikandamiza na kipande cha godoro, wakakabidhi gari jioni ile ile. Lakini chini ya kile kiti kuna kava la chuma, na chini ya kava kuna injini. Joto linapanda. Zaidi ya hapo, kava hilo lazima lifunuliwe kila plagi zinapokaguliwa, na fundi makenika atakayekuja kulifunua atavuta nyaya za watu bila huruma, kwa sababu zimemzibia njia. Uvungu haufai.

Sakafuni mbele ya abiria, basi? Hapo ndipo penye ubaridi kuliko kwingine na waya ungekuwa mfupi. Ila Ifakara ni mji wa tambarare chini ya safu ya Udzungwa, na masika Mto Lumemo ukijaa, maji huingia mitaani. Hata bila mafuriko, abiria anayepanda kutoka jarubani anapanda na matope yake. Amplifaya iliyolala sakafuni itakanyagwa, itamwagiwa, na siku moja itazama. Fundi wa Arusha angeweza kujiridhisha na sakafu. Wa hapa hathubutu.

Paa ni bati linalopigwa na jua la Kilombero siku nzima, na kebini iliyofungwa vioo mchana wa Novemba hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Tena amplifaya iliyoning'inia kichwa chini hurudisha joto lake tumboni mwake, maana hewa moto inataka kupanda na imekuta sakiti zimeiziba. Hapo fundi hapafikirii mara mbili.

Hubaki sehemu mbili zenye maana. Moja ni chini ya deshibodi upande wa abiria, juu ya miguu, ambapo amplifaya ndogo inaweza kusimamishwa wima. Nyingine ni nyuma ya mgongo wa kiti cha abiria, juu, chini kidogo ya kioo cha nyuma. Hii ya pili ni finyu: vidole vichache tu kati ya kiti na bati. Hapo ndipo ninapoona fundi wa kweli akitoa kipande cha boksi la katoni na kisu.

Anapima amplifaya urefu, upana na unene, pamoja na skrubu za nyaya zinazojitokeza pembeni, ambazo wengi huzisahau. Anakata katoni, anaikunja, anatengeneza amplifaya ya uongo yenye ukubwa ule ule. Anaibandika kwa tepu pale anapofikiria. Kisha anamwita utingo akae. Anamwambia aegemee, ajinyooshe, asinzie kama anavyosinzia njiani. Anamwita mwenye gari akae pia upande huo. Anafunga mlango na kuufungua. Anainua kiti kuona kama kava la injini bado linafunuka. Katoni ikikunjika popote, anaihamisha kidole kimoja, wakakaa tena. Nimeona katoni ikiachwa humo gari likaenda zake mpaka kesho, na liliporudi fundi akaitazama ile katoni kwa makini, akaonyesha kona iliyobonyea. Bega la utingo. Akaishusha sentimita mbili. Kipande cha katoni hakina thamani, na amplifaya iliyokwisha kutobolewa matundu manne kwenye bati haihamishiki bila kuacha kovu. Kuna uungwana mkubwa kwenye kukosea kwa katoni kwanza.

Gari likirudi kutoka kwenye mzunguko, bado la moto, anapitisha kiganja kwenye bati la nyuma kutoka chini kwenda juu. Chini, karibu na sakafu, bati linachoma, kwa sababu joto la injini linapumulia hapo. Shubiri mbili juu linakuwa vuguvugu. Karibu na kioo ni joto la kawaida la mchana. Kiganja hicho kinamwambia jambo ambalo kitabu cha maelezo kilichomo kwenye boksi hakiwezi kumwambia, kwa sababu kiliandikwa na mtu asiyelijua gari hili.

Joto lina uzito huo kwa sababu ya hesabu moja rahisi, na fundi mzuri huifanya kichwani mbele ya mteja. Kwenye boksi pameandikwa wati 3,000 kwa herufi za dhahabu. Yeye haangalii hapo. Anaigeuza amplifaya, anatafuta fyuzi iliyochomekwa pembeni, anakuta ampea 30. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni volti 13.8 hivi. Thelathini mara 13.8 ni wati 414, na huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Kama ni amplifaya ya klasi AB, kama asilimia 60 ndiyo hutoka kuwa sauti, wati 250 hivi. Zilizobaki, zaidi ya 160, zinakuwa joto kwenye zile mbavu za alumini. Kama ni ya klasi D, inayogeuza umeme kuwa sauti kwa asilimia 80 na zaidi, joto hupungua likawa nusu au chini ya hapo, na kwa kebini hii mimi ningemshauri kila mtu atafute ya klasi D hata kama itambidi asubiri pesa ya msimu. Tena inakuwa ndogo kwa umbo. Lakini mteja huja na alichonacho, na alichonacho mara nyingi ni AB kubwa iliyopanda basi kutoka Kariakoo. Fundi anaipokea anavyoipata. Mbavu zake anazisimamisha wima ili hewa ipite katikati yake ikipanda, na pande zote anaacha nafasi, hata kama nafasi hiyo ameipata kwa kugombana na kiti.

Sasa drili. Kabla ya kutoboa, fundi anaingia chini ya gari na nyuma ya kebini kutazama upande wa pili wa bati. Kuna bomba za breki huko, kuna kebo za gia, kuna mpira wa mafuta. Mtu aliyetoboa bomba la breki ili apate kusikiliza mziki amefanya jambo ambalo mlima wa Mahenge hautamsamehe. Akishajua pako salama, anachukua kipande cha mpira mwembamba na kukivisha kwenye biti ya drili, akiacha nje milimita chache tu za ncha. Biti ikishapenya bati, mpira unagota na mkono unasimama. Hata ukiteleza, hauendi mbali. Ni kitu cha bure kabisa, na nikikiona kwenye drili ya mtu namwamini kabla hajaongea.

Hafungi amplifaya moja kwa moja kwenye bati. Kati yake na bati anaweka ubao: plaiwudi ya milimita 12, au kipande cha mtiki kilichobaki kwa seremala, maana mti huu unapandwa kwa wingi katika bonde hili na mbao yake ina mafuta yanayokataa maji na mchwa. Ubao unapakwa vanishi pande zote, na kwenye kingo zaidi, kwa sababu unyevu huingilia kingoni. Ubao unafungwa kwenye bati kwa bolti nne, na kila bolti inavishwa washa mbili zilizokatwa kwenye tyubu ya tairi kuukuu, moja mbele ya bati na moja nyuma. Nati ni zile zenye duara la plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Hapa pana kipimo cha mkono ambacho sijui kifundishwe vipi: anakaza mpaka mpira unaanza kutuna pembeni ya washa, halafu anaacha. Akikaza zaidi, mpira umekufa, na barabara inaingia moja kwa moja kwenye sakiti. Akikaza pungufu, ubao utacheza na matundu yatapanuka. Amplifaya nayo inainuliwa juu ya ubao kwa vipande vidogo vya bomba, unene wa kidole, ili hewa ipite na nyuma yake. Vitufe vya marekebisho vinaelekezwa upande wa mlango, ili siku yoyote bisibisi iingie bila kung'oa kiti. Wasiofikiria hilo huwalazimisha wenzao kung'oa kila kitu kwa ajili ya kuzungusha kitufe robo duara.

Upande wa umeme, kirikuu ina neema moja. Kwenye nyingi ya gari hizi betri iko nje, imefungwa kwenye fremu chini ya bodi, nyuma kidogo ya kebini, kwa hiyo waya mkuu una mita tatu tu hata ukipitishwa kwa mzunguko wa uangalifu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 8 ukipitisha ampea 30 kwa mita tatu hupoteza kama volti 0.2. Ule mwembamba wa 2.5, ambao wengi huutumia kwa sababu ndio ulio dukani, hupoteza zaidi ya 0.6, na upotevu huo unakuwa joto ndani ya waya wenyewe. Kuna pia nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, nene, za kung'aa, za bei nafuu, ambazo hukataa umeme kama mara moja na nusu ya shaba tupu. Fundi anakwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, anaurudisha waya dukani au anachagua wa unene mkubwa zaidi na kumweleza mteja kwa nini.

Fyuzi inakaa jirani na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo yake. Wateja wengi hudhani fyuzi hiyo inalinda amplifaya. Inalinda waya, na kwa hiyo inalinda gari na waliomo. Waya ukichunika popote na kugusa fremu, umeme wote wa betri utapita hapo, na sehemu pekee isiyolindwa ni ile iliyotangulia fyuzi. Ndiyo maana ifanywe fupi. Kutoka hapo waya unavishwa bomba laini la mikunjo kwa ajili ya panya na mawe, unafungwa kwenye fremu mbali na ekzosi, na unapoingia kebini unapita kwenye tundu lililovishwa mpira. Kabla ya kuingia, fundi anauachia tumbo dogo linaloning'inia chini ya tundu, ili maji yanayoteleza kwenye waya yadondokee hapo nje. Gari likivuka madimbwi ya Aprili, tumbo hilo linafanya kazi yake na hakuna anayelijua.

Waya wa ethi ndio unaodharauliwa kuliko zote, na kelele nyingi za mziki wa magari zinatokana nao. Ufupi wake ni jambo la kwanza. La pili ni chuma chenyewe: rangi lazima isuguliwe kwa msasa mpaka bati ling'ae, maana rangi haipitishi umeme. Kichwa cha waya kinakazwa hapo kwa washa ya meno, kisha juu yake inapakwa grisi au rangi ili kutu isianze. Bolti ya mkanda wa usalama iko karibu, imekazwa vizuri, na inamvutia kila mvivu. Fundi ninayemsifu haigusi kabisa. Bolti ile imeshika roho ya mtu.

Kelele hizo zina historia ndefu. Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walipofanya redio ya gari iweze kuuzwa kwa watu wa kawaida, wakaiita Motorola, adui yao mkubwa alikuwa mlio wa plagi za injini kuingia kwenye spika. Karibu karne nzima baadaye, fundi wa Ifakara anapambana na ndugu wa mlio ule ule: mluzi wa alteneta unaopanda na kushuka na mafuta. Dawa yake ni njia. Nyaya za sauti zinapita upande mmoja wa kebini, waya wa umeme upande mwingine. Katika gari lenye upana huu, pande hizo mbili hazijatengana sana, kwa hiyo pale zinapolazimika kukutana anazivusha zikatizane kwa msalaba, zisitembee sambamba hata shubiri moja. Redio na amplifaya anazipeleka ethi mahali pamoja.

Redio yenyewe karibu kila mara imebadilishwa kabla. Ile iliyokuja na gari kutoka Japani kwa kawaida inasikia FM kuanzia 76 mpaka 90, wakati masafa yetu yanapanda hadi 108, na kwenye vigari vya kazi mara nyingi haina hata njia ya kutoa sauti kwenda nje. Kuna kidude cha kuongeza masafa ambacho mafundi hukifunga kwenye waya wa antena. Kinasaidia, lakini namba zinazoonekana kwenye redio hazilingani tena na za kituo. Kwa mtu anayefunga amplifaya, kubadili redio ni bora.

Kisha kuna nusu saa ambayo wapita njia hudhani ndiyo starehe, na ndiyo kazi ngumu ya mwisho. Anaanza na betri ndogo ya volti 1.5, anaigusisha kwenye nyaya za kila spika. Koni ikiruka mbele, chanya na hasi ziko sawa. Ikirudi ndani, zimegeuzwa. Halafu geini. Wengi huizungusha mpaka mwisho, wakidhani ni kitufe cha kuongeza sauti. Fundi anachukua mita. Kama amplifaya inatoa wati 50 kwa spika ya omu 4, anazidisha 50 kwa 4, anapata 200, na kipeuo chake cha pili ni 14 na ushee. Anaichomoa spika, anapiga mlio mmoja usiobadilika, anapandisha geini mpaka mita isome volti 14, anaacha. Zaidi ya hapo sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka ndiyo inayounguza twita. Spika za milangoni anazikatia besi chini ya hezi 80, kwa sababu milango ya kirikuu ni bati jembamba linalolia lenyewe, na hizo hezi za chini anaiachia sabufa.

Sabufa haihitaji kuwa kubwa. Kebini hii ndogo ina kipawa ambacho magari makubwa hayana: mawimbi ya besi yakiwa marefu kuliko chumba, hayana pa kwenda, yanasukuma hewa yote kwa pamoja, na besi inaongezeka kadiri inavyoshuka. Kwa chumba chenye upana usiofika mita moja na nusu, jambo hilo huanza kwenye hezi 130 hivi kwenda chini. Inchi nane zinatosha kabisa. Ila kipawa hicho kinataka vioo vimefungwa, na nani anaendesha kirikuu bonde la Kilombero vioo vikiwa vimefungwa? Kwa hiyo fundi anashusha vioo vyote viwili kabla hajagusa kitufe cha besi. Analirekebisha gari jinsi litakavyotembea. Jambo hili lilinifurahisha kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye kazi hii, kwa sababu mwongozo hauliandiki popote, na linatokana na kumjua mtu atakayekaa humo.

Nyimbo za kujaribia zina mpangilio. Kwanza Mbaraka Mwinshehe, mwana wa mkoa huu, aliyefariki mwaka 1979. Rekodi nyingi za zama zake ni za mono, sauti moja kwa spika zote mbili, na hilo linazifanya kuwa kipimo kizuri: mwimbaji anapaswa kusikika katikati ya deshibodi. Akisikika kama ametawanyika, na besi imekonda, kuna spika iliyogeuzwa. Gitaa lake linaonyesha kama sauti za kati ziko safi au zimefunikwa. Baadaye singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Sabufa nzito au ubao uliolegea hauwezi kufuata kasi hiyo, utasikia mvurugano mmoja mrefu. Mwisho anazima nyimbo zote, anafungua Pambazuko FM, anasikiliza mtu akisoma matangazo. Sauti ya binadamu akiongea ni kipimo kisicho na huruma, maana kila sikio linaijua. Herufi s zikichoma sikio, twita zimezidi. Maneno yakitoka kifuani kupita kiasi, besi imezidi. Anarekebisha kidogo, anasikiliza habari ya bei ya mchele mpaka mwisho, anarekebisha tena.

Gari linaondoka, na baada ya wiki moja linatakiwa kurudi. Wengi hawarudi. Wanaorudi, fundi anawafanyia kazi ya dakika chache bila malipo. Anashika kila nati kwa spana, kwa sababu mpira wa tyubu hulala kidogo siku za kwanza na bolti hupata ulegevu. Anavuta kila kichwa cha waya. Anaifungua fyuzi kuona kama miguu yake imebadilika rangi, dalili ya mgusano mbaya. Anaweka kiganja kwenye mbavu za amplifaya baada ya gari kutoka safari, na kama anaweza kukiacha hapo, ameridhika. Halafu anachukua kalamu ya wino mzito na kipande cha tepu nyeupe. Kwenye ubao anaandika ukubwa wa fyuzi, tarehe, na upande ambao waya mkuu umepita chini ya gari. Chini yake anabandika fyuzi ya akiba ya ampea 30. Mwenye gari akikwama Mlimba usiku, fundi wa huko atakayefunua kiti akute maelezo hayo.